Litowa iandikwe wazee wakiwa bado hai: barua ya wazi kwa viongozi wa Ruvuma na watunza kumbukumbu wa taifa

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Ruvuma. Kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya ya Songea. Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Makumbusho ya Taifa. Kwa Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

Waheshimiwa, salaam.

Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari ya mkoa huu. Kila mwaka tukifika kwenye Azimio la Arusha, kabla sijafungua kitabu, huwauliza wanafunzi wangu: nyumbani kwenu, wazee wakitaja kijiji cha ujamaa, husimulia nini? Majibu ni yale yale mwaka hadi mwaka. Malori. Mgambo. Nyumba kubomolewa au kutiwa moto ili mwenyewe asirudi. Babu aliyeacha shamba lililokwisha kupaliliwa na makaburi ya wazazi wake, akashushwa porini na familia yake mvua zikianza. Kisha huwauliza swali la pili: nani amewahi kusikia habari za Litowa? Darasa hunyamaza kimya. Nao ni watoto wa Songea. Wapo wanaopanda basi asubuhi na kurudi jioni ndani ya wilaya ile ile ambako vijana walikianzisha kijiji hicho cha ujamaa kwa hiari yao.

Ukimya huo ndio ulionifanya nikaandika barua hii.

Mwishoni mwa 1960, Tanganyika ikiwa bado haijapata uhuru, vijana wachache wa Umoja wa Vijana wa TANU wa Songea walifunga mizigo wakaenda kuanzisha makazi mapya Litowa. Aliyewaongoza ni katibu wao, Ntimbanjayo Millinga. Ili mtu auone uzito wa hatua ile, inabidi akumbuke Songea ya siku zile. Kijana aliyetaka fedha ya kodi na ya mahari alikuwa na njia moja kubwa: kwenda umanamba, kukata mkonge Tanga. Babu yangu mzaa baba alipita njia hiyo, akarudi na blanketi, baiskeli na kikohozi. Wazungu wa mashamba walituhesabu kama mkoa wa kuzalisha vibarua. Katika nchi ya namna hiyo, vijana kusema kwamba hawaendi Tanga, watabaki kwao na kulima pamoja, lilikuwa jambo geni kabisa.

Jaribio la kwanza halikusimama. Chakula kiliwaishia kabla shamba halijatoa, wakatawanyika kurudi kwao. Napenda wanafunzi wangu walijue hilo, kwa sababu historia tunazowafundisha zimejaa watu wasiojikwaa. Millinga alipelekwa masomoni katika Chuo cha Kivukoni, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961. Kisha wakarudi Litowa. Safari hii walikuwa wameshajua kwamba jembe halitoi mavuno kwa nia njema peke yake; lazima mtu ajue atakula nini Januari na Februari, miezi ambayo ghala limebaki vumbi na mahindi mapya bado mabichi.

Baadaye kidogo akaja Ralph Ibbott, Mwingereza, mkadiria majenzi kwa taaluma, pamoja na mkewe Noreen na watoto wao. Walikuwa wametokea Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, kwenye shamba la misheni la St Faith's huko Rusape, ambako weusi na weupe walijaribu kuishi na kufanya kazi pamoja chini ya serikali isiyotaka kabisa kuliona jambo hilo. Huko Litowa, Ibbott alikuwa mshauri. Neno hilo nimelichagua kwa makusudi, maana baadaye ilivumishwa kwamba vijiji vile viliendeshwa na wageni. Kauli ya mwisho ilikuwa ya mkutano wa wanakijiji.

Litowa haikubaki peke yake. Majirani walikuja kutazama, wengine wakaenda kuanzisha vyao. Vijiji hivyo vikajiunga na kuunda Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, ambacho watafiti wa nje wanakijua zaidi kwa herufi zake za Kiingereza, RDA. Kufikia 1969 vilikuwa 17, vikiwa na jumla ya familia zipatazo 400. Idadi hiyo ni ndogo, nakubali. Kata moja tu ya leo ina watu wengi kuliko hao. Lakini tazameni walichofanya. Walinunua mashine ya kusaga mahindi mjini Songea na kuiendesha wenyewe. Walikuwa na mashine ya kupasua mbao. Walivuta maji ya mserereko kwa mabomba waliyotandaza kwa mikono yao. Walilima mahindi na maharage ya kula, na tumbaku ya moshi ya kuuza. Kina mama walifuma nguo za sufu. Palikuwa na nyumba ya watoto wadogo ambako mama aliyekwenda shamba la pamoja alimwacha mwanawe, mtoto akapewa chakula cha mchana. Mliolelewa vijijini mnajua uzito wa jambo hilo: mtoto wa miaka miwili ambaye kwa kawaida angekaa na njaa mpaka mama atakaporudi jua limeinama, alikuwa ameshiba saa saba.

Shule ya Litowa nayo inastahili kutajwa peke yake. Chini ya mwalimu mkuu Suleman Toroka, ilipokea watoto wa madarasa ya juu ya msingi kutoka vijiji vyote vya chama. Walisoma na kulima, wakajifunza hesabu kwa magunia na mizani ya kijiji chao, na walimu waliishi kama wanakijiji wenzao badala ya kuwa mabwana wa mshahara. Shabaha ilikuwa mtoto amalize shule akiwa tayari kuishi kijijini kwa akili iliyofunguka, asiwe mtu aliyefeli safari ya kwenda mjini. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Anayelisoma akiwa ameijua kwanza shule ya Litowa hawezi kuacha kuona kwamba mambo mengi yaliyoandikwa humo yalikuwa yamekwisha kuonekana kwa macho katika kijiji hiki cha Songea. Vivyo hivyo na andiko la Ujamaa Vijijini la Septemba mwaka huo huo. Tumezoea kuwafundisha watoto kwamba fikra ilitoka Dar es Salaam ikashuka vijijini. Hapa ilipanda kutoka kijijini.

Sisemi Litowa ilikuwa pepo. Wapo waliojiunga wakaondoka. Palikuwa na ugomvi juu ya nani amefanya kazi na nani amejificha nyuma ya homa, kama ilivyo penye shamba la pamoja popote pale. Misaada ya marafiki wa nje ilichangia baadhi ya mashine. Na msomi anayeuliza kama mpango wa familia 400 zilizojitolea ungeweza kuenea nchi nzima anauliza swali la haki. Nataka wanafunzi wangu waulize swali hilo. Ila hawawezi kuuliza juu ya kitu wasichokijua.

Sasa nije kwenye jambo gumu.

Machi 1969 ulitoka Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka huo, ukiagiza serikali yote iweke mbele maendeleo ya vijiji vya ujamaa. Miezi sita baadaye, tarehe 24 Septemba 1969, Kamati Kuu ya TANU ilikifuta Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Vijiji vya ujamaa vikawa shughuli ya Chama tawala na kila aliyekuwa na cheo ndani yake. Mashine ya kusaga, ya mbao, magari, vyote vikachukuliwa. Walimu wa Litowa wakahamishwa, kila mmoja kwake. Washauri wa kigeni wakaondoka nchini. Wanakijiji waliojenga kwa miaka tisa waliambiwa matokeo. Hawakuitwa kutoa maoni.

Kwa nini? Waliochunguza wanataja mambo kadhaa na mengi yanarudi mahali pamoja. Vijiji vilikuwa vimezoea kuamua vyenyewe. Kiongozi wa mkoa au wa wilaya akija na agizo, alikuta watu wanaouliza maswali, wenye fedha yao na mkutano wao. Wengi hawakulipenda hilo. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mlezi wa jaribio lile na alilipenda waziwazi, lakini ndani ya Kamati Kuu wengi walikuwa upande wa pili. Simvunjii mtu heshima kwa kuyasema haya. Karibu wote waliokaa kwenye kikao kile wametangulia mbele ya haki, na hukumu yao si kazi yangu. Kazi yangu ni kumweleza mtoto wa Songea kilichotokea Songea.

Kuna jambo la kisheria hapa ambalo naomba mlitazame kwa makini, kwa kuwa ninyi mnasimamia serikali za vijiji. Wakati ule hapakuwa na sheria ya kukisajili kijiji kama kijiji, kikawa na jina lake mbele ya mahakama. Sheria ya kuandikisha vijiji na vijiji vya ujamaa ilikuja mwaka 1975. Kilichobeba mali za watu wa Litowa na wenzao ni chama chao. Chama kilipofutwa, mali haikuwa na mwenyewe wa kuisemea. Kijiji kilikuwa na watu, mashamba, shule, maji na miaka tisa ya jasho, lakini kwenye karatasi hakikuwapo. Leo Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982 inautambua mkutano mkuu wa kijiji kuwa chombo cha juu kabisa cha maamuzi kijijini. Watu wa Litowa waliuishi mkutano huo zaidi ya miaka kumi kabla haujaandikwa katika sheria hiyo. Kila ninapokaa kwenye mkutano wa kijiji chetu nikasikia taarifa ya mapato ikisomwa haraka haraka ili watu wawahi kutawanyika, huwafikiria wao.

Yaliyofuata yanajulikana. Novemba 1973 ilitamkwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na kufikia 1976 mamilioni ya Watanzania walikuwa wamehamishwa. Huo ndio ujamaa vijijini wanaousimulia wazee kwa wanafunzi wangu, nao hawasemi uongo. Lakini neno moja limebeba mambo mawili yanayopingana: watu waliokwenda kwa miguu yao na watu waliopakiwa kwenye lori. Kwa kuwa habari ya wa kwanza haikuandikwa mahali mtoto anapoweza kuisoma, neno lote limebaki na harufu ya moshi wa nyumba zilizochomwa. Watu wa Litowa hawakustahili hilo. Walinyang'anywa mashine mwaka 1969, kisha wakanyang'anywa na jina lao jema, likafunikwa na operesheni ambayo wao hawakuibuni.

Nilijaribu kutafuta mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilikwenda kwenye ofisi moja ya umma, sitaitaja, nikaomba kuona mafaili ya chama kile. Nilikwenda mara nne. Mara ya kwanza mhusika alikuwa semina. Ya pili ufunguo haukuonekana. Ya tatu nikaambiwa niandike barua, nikaandika. Ya nne mtumishi mmoja kijana, mwenye adabu zake, alinipeleka hadi kwenye chumba chenyewe na kunionyesha rafu: mchwa walikuwa wamepanda ukutani na kugeuza mabunda ya karatasi kuwa udongo. Hakujua yalikuwa mafaili ya nini. Mimi pia sitajua kamwe. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula.

Historia ndefu za Litowa nilizozisoma zimeandikwa kwa Kiingereza na watu wa vyuo vikuu vya mbali. Nawashukuru sana, maana bila wao nisingekuwa na la kuandika hapa. Kumbukumbu za Ibbott mwenyewe zilichapishwa Uingereza mwaka 2014. Msomi wa Ulaya anaweza kujua siku za Litowa kuliko mjukuu wa mtu aliyefyeka msitu wake. Hilo linaniuma kama mwalimu na linaniuma kama mwana wa Ruvuma.

Mkoa huu unajua kukumbuka. Kila tarehe 27 Februari tunasimama kwenye makaburi ya mashujaa wa Majimaji, tukiwakumbuka walionyongwa mwaka 1906, akiwemo Songea Mbano, na ngoma ya ligihu inapigwa mpaka vumbi linapanda. Tuna makumbusho yake mjini. Watoto wangu darasani wanamjua Songea Mbano hata wale wasiojua lolote jingine. Kwa nini wanamjua? Kwa sababu watu wenye mamlaka kama yenu waliamua kwamba ajulikane. Waliweka jengo, siku na bajeti.

Ninachoomba kwa ajili ya Litowa ni kidogo kuliko hicho. Kubwa kuliko yote, na la haraka, ni sauti za wazee. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1960 amekwisha kupita miaka 80. Mtoto aliyekuwa darasa la sita kwa mwalimu Toroka yuko kwenye miaka 70. Simu ya mkononi ya kawaida inarekodi vizuri. Makumbusho ya Taifa wakituma watu wawili wanaosikia Kingoni, kwa wiki chache, waende Litowa, waende na Matetereka, ambayo sasa iko Halmashauri ya Madaba na ambako kulima pamoja kuliendelea muda mrefu baada ya chama kufutwa, watarudi na hazina. Wasiwaulize wanaume peke yao. Wawaulize kina mama waliopika kwenye nyumba ya watoto na waliofuma sufu, kwa sababu mambo ya kina mama ndiyo yaliyoandikwa kidogo kuliko yote. Na wawaulize pia walioondoka kwa hasira.

Kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka: naomba yaliyosalia katika ofisi za wilaya na mkoa kuhusu vijiji vile 17 yakusanywe kabla mchwa hawajamaliza. Mihutasari ya vikao, hati za mashine, barua, orodha za wanafunzi. Na kama kumbukumbu za kikao cha tarehe 24 Septemba 1969 zipo, basi zaidi ya nusu karne imepita, zifunguliwe tusome. Sidhani kama kuna nyumba itakayoanguka.

Kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri: naomba kibao. Kibao cha kawaida cha bati chenye nguzo mbili, pale njia ya kwenda Litowa inapoanzia, kinachosema kwa Kiswahili kwamba hapa vijana wa Songea walianzisha kijiji chao kwa hiari mwaka 1960, na kwamba chama walichokijenga pamoja na vijiji vingine kilifutwa na Kamati Kuu ya TANU tarehe 24 Septemba 1969. Tafadhali sentensi ya pili isikatwe. Najua mkono unavyoweza kusita kuiandika. Kibao kinachosema "kilianzishwa" bila kusema "kilifutwa" kitamfanya mpita njia adhani watu walichoka wenyewe, nao hawakuchoka.

Na kwako Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, ombi langu linahusu shule. Tumepata somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, na linatupa nafasi ya kufundisha mambo ya nchi yetu kwa lugha yetu. Ofisi yako ikiziomba mamlaka za mitaala, zitasikia kuliko nikiomba mimi. Hata kabla ya hapo, hakuna sheria inayotuzuia walimu wa mkoa huu kuwapeleka wanafunzi Litowa. Kinachotuzuia ni nauli. Mwaka jana nilipanga safari ya wanafunzi 40, nikapiga hesabu ya gari na chakula, wazazi wakachanga walichoweza, hakikufika nusu. Nikaahirisha. Siku ile mwanafunzi mmoja alinifuata ofisini akaniuliza kama wale wazee watakuwepo mwakani. Sikuwa na jibu la kumpa.

Naandika barua hii hadharani kwa sababu zile nilizoandika faraghani hazikujibiwa, na kwa sababu nataka wasomaji wengine wenye wazazi waliopita katika vijiji vile wajue kwamba karatasi walizonazo kwenye masanduku, picha zilizofifia, kadi za chama, daftari la shule la 1966, ni mali ya thamani. Tafadhali msizichome mkisafisha nyumba baada ya msiba. Zipelekeni Makumbusho ya Majimaji pale mjini, nanyi mlioko Makumbusho mzipokee na kumwandikia aliyeleta risiti yenye jina lake.

Shule zitafungwa Juni. Mkikubali kutuma watu wa kurekodi, nitatoa likizo yangu yote kuwasindikiza. Njia naifahamu, Kingoni nakisikia, na baadhi ya wazee tayari wamekubali kuzungumza.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa historia,
Songea, Ruvuma